Njaa Isiyo ya Tumbo

Kwa muda wa miaka miwili na zaidi, mlo wangu mkubwa wa siku haukuwa wa mchana wala wa jioni, bali ni ule nilioula peke yangu jikoni kati ya saa nne na saa sita usiku, nikiwa nimesimama, taa ya sebuleni imezimwa, bila sahani. Mara nyingi ulikuwa kiporo cha ugali wa muhogo nilichokichovya katika maharage ya mawese yaliyokwisha kuganda, au dagaa wa kukaanga waliowekwa kwa ajili ya kifungua kinywa cha watoto. Nilipokosa vyote hivyo nilikula mkate mpaka mfuko ukabaki mtupu. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula na familia saa mbili, nikashiba, nikasema alhamdulillahi kama wengine wote mezani.

Ninafundisha shule ya sekondari mjini Kigoma na ninaishi Ujiji. Mwaka 2019 mama yangu mzazi alipata kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumwondolea sehemu kubwa ya usemi, nasi tukakubaliana kama ndugu kwamba ahamie kwangu, kwa kuwa mimi ndiye binti pekee na nyumba yangu haiko mbali na hospitali. Mgonjwa wa namna hiyo asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, kwa hiyo nililala vipande vipande, kisha asubuhi nikasimama darasani. Mkopo niliouchukua kumalizia nyumba ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara kila mwezi, na dawa za mama hazikusubiri mwisho wa mwezi. Siku mama alipoletwa kwangu nilikuwa na kilo 76. Januari 2022, nilipokwenda kituo cha afya kwa sababu ya kuumwa kichwa kusikoisha, mizani ilisoma kilo 94 na presha ilikuwa 152 kwa 96.

Urefu wangu ni mita 1.62. Tabibu aligawanya uzito wangu kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akapata karibu 36, akanieleza kwamba kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alisikia hesabu hiyo akasema kwa sauti, mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, kwamba walimu tunakula mishahara yetu yote. Usiku ule nilikula kuliko usiku wowote ninaoukumbuka. Ninalitaja jambo hilo kwa sababu ninaamini, na bado ninaamini kwa moyo wote, kwamba anayemwaibisha mtu mnene kwa matumaini kwamba aibu itamfanya apungue anamrudisha kwenye sufuria ileile, kwa kuwa aibu nayo ni mzigo, na mzigo ndio uliompeleka kwenye sufuria hapo mwanzo.

Hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kutaka kupungua. Nilikwisha kula mayai na matango matupu kwa wiki mbili, nikapungua kilo tatu na kuzirudisha kabla mwezi haujaisha. Nilinunua pia chai ya kupunguza mwili kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akiipitisha maofisini, ikaniharisha kwa siku kumi. Mizani ilishuka nikafurahi, nami sikujua kwamba kilichotoka ni maji na kwamba mafuta ya mwili yalibaki palepale. Nilikuwa nikisimama darasani miguu inatetemeka. Sitaki kurefusha habari ya chai hiyo, ila ninamsihi yeyote anayetumia dawa za presha au za kisukari asiiguse, kwa sababu mwili unaopoteza maji na chumvi kwa namna ile unaweza kuingia hatarini.

Nililolihitaji nililielewa katika Ramadhani ya mwaka 2022, iliyoanza mwanzoni mwa Aprili. Nimefunga tangu utoto na saumu haijawahi kunishinda. Kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya saa kumi na tatu, na katika muda huo nilifundisha, nilimwogesha mama, nilipika futari nikiwa nimeinamia chungu kinachonukia, wala mkono wangu haukunyanyuka kuonja. Lakini mwanamke huyohuyo, baada ya kufuturu na kuswali tarawehe na kushiba kabisa, alikuwa hawezi kupitisha saa moja ya usiku bila kurudi jikoni. Siku ya tisa au ya kumi nilijikuta nimeshika mfuniko wa sufuria nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: ikiwa ninaweza kuvumilia njaa ya kweli kwa saa kumi na tatu, basi hiki kinachonishinda usiku ni nini? Kama ni njaa, ingekuwa dhaifu kuliko ile ya mchana, maana tumbo lilikuwa limejaa. Nikaona kwamba miaka yote ile nilikuwa nikipigana na chakula, kumbe kilichonivuta kwenda jikoni hakikuwa na uhusiano wowote na tumbo.

Tangu hapo nilianza kuzitofautisha hizo mbili. Njaa ya tumbo huja polepole, hukubali chakula chochote kilichopo, na mtu akishiba huondoka. Ile nyingine huja ghafla, huchagua, hutaka chenye mafuta au chumvi au sukari, na tumbo likijaa yenyewe bado ipo. Baadaye mtaalamu wa lishe alinieleza sababu yake, nami nilifarijika kuisikia. Mtu anapoishi na wasiwasi kwa muda mrefu, mwili huendelea kutoa homoni ya kotisoli, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuuandaa mwili kwa nishati ya kukabili hatari, na katika hali hiyo watu wengi huvutwa na vyakula vizito. Mtu asipolala vya kutosha, homoni ya ghrelini inayochochea njaa hupanda, na ile ya leptini inayoleta hisia ya kushiba hushuka. Mimi nilikuwa na yote mawili, wasiwasi na usingizi wa vipande. Hiyo haikuniondolea wajibu wa kubadilika, lakini iliniondolea fikra kwamba mimi ni mtu mlafi asiye na imani.

Mtaalamu huyo aliniambia nisianze kupunguza chochote kwa wiki tatu, ila ninunue daftari. Nilitarajia aniagize kuandika nilichokula. Alitaka niandike saa, na kitu kilichotokea kabla ya kula. Niliona ni kazi bure, lakini mwalimu amezoea kuandika, nikaandika. Nilikuwa na hakika kwamba kinachonilisha ni usahihishaji wa mitihani, kwa sababu marundo ya karatasi yalikuwa mezani kila usiku. Wiki tatu zilipokwisha niliyasoma yale maandishi mfululizo, na usahihishaji ulitokea mara mbili tu. Kilichojirudia karibu kila ukurasa ni simu za ndugu yangu wa Dar es Salaam kuhusu fedha za matibabu ya mama: nani ametuma, nani hajatuma, zilizotumwa zimekwenda wapi. Alikuwa akipiga saa tatu au saa nne usiku baada ya kutoka kazini, nami nilikuwa nikimjibu kwa upole wote, kisha nikikata simu ninakwenda moja kwa moja jikoni. Kurasa nyingine zilikuwa na neno moja, "usingizi", kwa maana kwamba nilikuwa nimeamka kumgeuza mama na sikuweza kurudi kulala.

Nilikaa na daftari hilo kwa siku kadhaa kabla ya kupata ujasiri. Jumamosi moja nilimpigia mdogo wangu mchana, nikamwambia, "Naomba habari za fedha tusizungumze tena usiku. Kila Jumamosi saa nne asubuhi nitakusomea hesabu yote, shilingi kwa shilingi." Alinyamaza, kisha akasema, "Dada, mbona hukusema siku zote? Mimi nilidhani usiku ndio unakuwa na nafasi." Miaka miwili nilikuwa nimebeba hasira ambayo mwenyewe hakujua kama ipo. Jambo la usingizi lilikuwa gumu zaidi kulisema, kwa sababu kwetu binti anayeomba msaada wa kumuuguza mama yake hujiona amechoka kumlea, na kuna watakaomsema. Nilimwendea kaka yangu wa Mwandiga pamoja na mkewe, nikawaambia ukweli kuhusu presha yangu na kuhusu uzito. Wifi hakungoja nimalize. Kuanzia Juni 2022 alikuja kulala kwetu usiku tatu kila wiki na kumgeuza mama yeye mwenyewe, na mume wangu akachukua usiku wa Ijumaa. Kama nikiulizwa ni kitu gani kilichonipunguza kuliko vyote, sitataja chakula. Nitamtaja wifi yangu na usiku zile tatu.

Chakula nacho kilibadilika, lakini kidogo kidogo na bila kukifukuza chakula cha kwetu. Wako walionishauri niache mawese kabisa, nami sikukubali, kwa kuwa mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mtoto aliyelelewa Kigoma hawezi kuambiwa kwamba maharage ya mama yake ni sumu. Tatizo lilikuwa kipimo. Gramu moja ya mafuta, yawe ya aina yoyote, hubeba kilokalori 9 (kilokalori ni kipimo cha nishati iliyomo kwenye chakula), wakati gramu moja ya wanga au ya protini hubeba 4, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta hufikia kilokalori 120 hivi. Mimi nilikuwa nikimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu mpaka nione rangi niliyoizoea. Siku nilipopima kwanza kwa kijiko ndipo nimimine kama kawaida yangu, nilihesabu vijiko kumi na kimoja kwa sufuria ya watu sita. Nilishuka mpaka vinane, kisha sita, kisha vinne, nikipunguza kila baada ya wiki kadhaa ili ndimi za nyumbani zizoee, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mwanangu mdogo, tena kwa siku moja tu.

Ugali wa muhogo hujaza tumbo haraka lakini una protini kidogo sana, ndiyo maana mtu aliyekula ugali mwingi na mchuzi mchache hurudi kutafuta chakula mapema. Nilipunguza tonge, nikaongeza dagaa, samaki aina ya migebuka, maharage na mboga za majani. Soda niliiacha shuleni, kwa sababu chupa moja ya mililita 350 hubeba sukari inayokaribia vijiko vidogo tisa, nami nilikuwa nikinywa moja kila mapumziko. Kwa matembezi, niliacha kupanda bodaboda wakati wa kurudi nyumbani. Hayo ndiyo yote, na yanajulikana na kila mtu. Ugumu wake ni kuyafanya usiku ambao moyo haujatulia.

Kwa usiku wa namna hiyo nilijiwekea dakika ishirini. Sikujikataza kula, kwa sababu katazo lilikuwa linaniongezea tamaa. Nilijiambia kwamba nitakula, lakini baada ya dakika ishirini, na nitakula nimekaa, kwenye sahani, taa ikiwa imewashwa. Katika muda huo nilitawadha, nikaswali rakaa mbili, au nilikwenda kukaa pembeni ya kitanda cha mama nikimkanda mkono uliopooza. Mara nyingine nilikaa tu nikaacha wasiwasi uje wote, bila kuukimbia, nikaona kwamba unapanda, unafika kilele chake, kisha unaanza kushuka wenyewe. Usiku mwingi dakika hizo zilipokwisha nilikuwa nimekwisha kusahau jikoni. Usiku mwingine nilikwenda nikala. Nilijifunza kwamba baada ya usiku kama huo jambo baya zaidi ni kujiadhibu asubuhi kwa kutokula, kwa kuwa kufikia jioni mwili hudai vyote kwa pamoja. Kwa hiyo nilikunywa uji wangu kama siku nyingine na kuandika kwenye daftari kilichotangulia.

Kwenye uvumilivu sikuwa na maandalizi yoyote. Tabibu alikuwa ameniambia kwamba kupungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki kunatosha, na kwamba mtu akipunguza hata asilimia 5 ya uzito wake, presha na sukari huanza kunufaika. Asilimia 5 ya kilo 94 ni kilo 4.7. Kilo tatu za kwanza ziliondoka kati ya mwezi wa saumu na Juni, na kufikia Oktoba 2022 nilikuwa na kilo 86, yaani polepole kuliko hata hiyo nusu kilo. Baada ya hapo mizani ilisimama. Oktoba, Novemba, Desemba, mpaka Januari, ilikuwa kilo 86, mara 86.5, mara 85.8, kisha 86 tena. Nilikuwa nikijipima kila siku asubuhi, na namba ikipanda kwa kilo moja nilikuwa na siku mbaya darasani. Hesabu ingenisaidia kama ningeifanya mapema: kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya takribani kilokalori 7,700, na hakuna mtu anayekula ziada ya kiasi hicho kwa usiku mmoja bila kujua. Kilo inayokuja usiku na kuondoka kesho kutwa ni maji, yanayoshikwa na chumvi ya dagaa wakavu au na siku za mwanamke za mwezi. Kusimama kwa miezi nako kuna sababu yake, kwa kuwa mwili wa kilo 86 hautumii nishati sawa na wa kilo 94, na zaidi ya hapo mwili hubana matumizi unapoona akiba inapungua.

Mjomba wangu amevua dagaa kwa zaidi ya miaka thelathini akitokea Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Alikuja kumjulia hali dada yake mwezi Desemba, akanikuta nimenuna, akaniuliza, nami nikamweleza habari za mizani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mwezi ukiwa mpevu sisi hatuingii ziwani. Taa zetu hazivuti dagaa, wanatawanyika kwenye mbalamwezi. Siku hizo tunashona nyavu na kukarabati mitumbwi. Umewahi kusikia mvuvi akisema ziwa limekauka?" Sikumjibu, lakini tangu siku hiyo nilianza kujipima mara moja tu kwa wiki, Ijumaa asubuhi, na nikafanya miezi ile kuwa ya kushona nyavu: kulala kwa wakati, kutembea, kupima mafuta, bila kudai malipo kutoka kwenye mizani. Februari 2023 namba ilianza kushuka tena, na mpaka leo sijui nilifanya nini tofauti wiki ile, kwa sababu sikufanya chochote tofauti.

Ndani ya kipindi hicho nililazimika kuvumilia pia maneno ya watu. Kwetu mtu akinenepa husemwa amenawiri, na akipungua huulizwa kama anaumwa au kama nyumbani kuna matatizo. Mama mkwe wangu aliwahi kumwita mume wangu pembeni kumuuliza kama ananipa fedha ya matumizi. Kukataa chakula kwenye sherehe au msibani huonekana ni dharau kwa mwenyeji. Niliamua kutotangaza kwamba ninapunguza uzito. Nilipokea sahani, nikala kiasi changu nikizungumza na watu, nikashukuru. Watu huangalia kama umekula pamoja nao, na wachache sana huhesabu matonge.

Mama alifariki Septemba 2023. Nilikuwa na kilo 83. Kati ya siku ya mazishi na arobaini, nyumba ilijaa watu na chakula, kisha watu wakaondoka, na usiku ukabaki na saa nyingi ambazo hazikuwa na mtu wa kugeuzwa. Niliamka kila baada ya saa mbili kwa mazoea, nikakikuta chumba chake kitupu, nikaenda jikoni. Daftari nililiacha kabisa. Kufikia Desemba nilikuwa na kilo 87. Safari hii sikununua chai wala sikujificha. Nilimwambia wifi, naye akaja kulala kwetu kwa wiki mbili ingawa hapakuwa na mgonjwa. Usiku nilipoamka naye aliamka, tukakaa sebuleni tukizungumza habari za marehemu, mara nyingine tukilia, mara nyingine tukikumbuka mambo aliyokuwa akituchekesha kwayo kabla usemi haujamtoka. Chakula kilikuwepo na hatukukihitaji. Januari nilinunua daftari jipya.

Sasa nina kilo 79 na presha yangu ya mwisho ilikuwa 128 kwa 82. Bado sijarudi kwenye kilo 76 nilizokuwa nazo mwaka 2019, na hesabu ya tabibu bado inanipa 30 na kidogo, yaani mwanzoni kabisa mwa unene wa kupindukia. Jikoni usiku ninakwenda bado, labda mara mbili au tatu kwa mwezi. Mara ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita, baada ya barua kutoka kwa wanaonidai. Niliwasha taa, nikaketi, nikala kipande cha muhogo wa kuchemsha na dagaa wachache kwenye sahani, nikaosha sahani, kisha nikaandika: saa 4:40 usiku, barua ya mkopo, nimekula nimekaa.